Lango la Jaa

Katika kitabu cha Nehemia, sura ya tatu ndiyo inayosomwa mbiombio kuliko zote. Ni orodha ndefu ya majina magumu: huyu alijenga kipande hiki cha ukuta, baada yake akajenga yule, na baada ya yule akajenga mwingine. Msomaji wa zamu akiangukiwa na sura hiyo siku ya Jumapili, washarika humwonea huruma. Lakini kwa sisi tunaoishi katika mji unaokua kwa kasi, huenda hakuna sura nyingine ya Agano la Kale iliyo karibu na maisha yetu kama hiyo. Ni kumbukumbu ya kazi za mji, ya namna ileile inayoandikwa kwenye vikao vya halmashauri: nani amepewa sehemu gani, nani ameimaliza, nani amekataa.

Kuhani mkuu Eliashibu na ndugu zake walijenga Lango la Kondoo. Wafua dhahabu na watengeneza manukato wakashika sehemu zao. Shalumu, mkuu wa nusu ya Yerusalemu, alijenga pamoja na binti zake. Wengi walipewa kipande kilichoelekea nyumba zao wenyewe, na hapo Nehemia alionyesha akili ya uongozi, maana mtu hajengi ovyo ukuta utakaowalinda watoto wake. Kisha, katikati ya orodha, tunakutana na Malkiya mwana wa Rekabu. Huyu alikuwa mkuu wa mtaa wa Beth-hakeremu, mtu mwenye cheo chake, na alichojenga ni Lango la Jaa, lile ambalo taka za mji zilitolewa. Aliisimamisha milango yake, akatia vyuma na makomeo. Biblia haisemi kama aliliomba lango hilo au alipangiwa, wala haisemi kama alinung'unika. Inasema alilijenga.

(Vijana wetu siku hizi husema dampo. Wazee walisema jaa, na neno hilo bado limo katika Biblia zetu. Tutayatumia yote mawili.)

Swali tunalotaka kulitafakari ni hili: mji unapokua, mizigo yake lazima ibebwe mahali fulani na watu fulani. Ni haki ipi inayotuongoza kuamua nani ataibeba? Na je, hilo ni swali la imani, au ni la wahandisi na wanasiasa peke yao?

Tuutazame mji wetu wa Dar es Salaam. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 4,364,541. Sensa ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Tofauti ni zaidi ya watu milioni moja katika miaka kumi. Ukigawa kwa siku, unapata watu kama 280 walioongezeka kila siku, siku za kazi na sikukuu, wale waliozaliwa Amana na Temeke pamoja na wale walioshuka kwenye basi kutoka mikoani na begi moja. Kila mmoja wao anahitaji maji ya kunywa, choo, mahali pa kulala, nauli, shule, na siku moja kaburi. Tukisikia kiongozi analaumiwa kwa sababu barabara ya mtaa fulani ina mashimo, tuikumbuke hesabu hiyo. Haimwondolei lawama, lakini inatufundisha kuuliza vizuri zaidi. Serikali ya mji unaokua inafanana na mama anayepika huku wageni wanaendelea kuingia mlangoni. Hawezi kumpakulia kila mtu kwa wakati mmoja. Lakini tunaweza kuangalia ni nani ambaye kila siku anapewa ukoko.

Historia ya jaa la Dar es Salaam inafundisha jambo hilo kuliko hotuba nyingi. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata waliishtaki Halmashauri ya Jiji katika Mahakama Kuu. Taka za jiji zilikuwa zikimwagwa katikati yao, zikichomwa, na moshi na harufu na inzi vikawa ndiyo maisha yao. Mahakama ikaamuru jiji liache kumwaga taka pale, litafute mahali ambapo hazitawadhuru watu. Jiji likaomba muda. Likaongezewa, likaomba tena. Mwaka 1991 ombi la namna hiyo lilipofika mbele ya Jaji Lugakingira, alilikataa. Alishangaa kuona chombo cha umma kinakwenda mahakamani kuomba ruhusa ya kuendelea kuwachafulia watu hewa yao, akaegemea Ibara ya 14 ya Katiba, inayohusu haki ya kuishi.

Basi taka zikaondolewa Tabata. Zikapelekwa Kunduchi Mtongani. Huko nako wakazi wakaenda mahakamani mwaka huohuo, na wao pia wakashinda, kwa kuwa eneo lao lilikuwa limepangwa kuwa la makazi. Baada ya hapo taka zikaenda Vingunguti.

Hapo ndipo tunapotaka kusimama kidogo. Vingunguti kulikuwa na watu wengi, wenye mapafu na pua kama za watu wa Tabata. Eneo hilo tayari lilikuwa na machinjio na mabwawa ya majitaka ya jiji. Kwa maoni yetu tofauti ilikuwa moja: Tabata na Mtongani walikuwapo watu waliojua njia ya kwenda kwa wakili. Jiji halikumaliza tatizo. Lilitembea nalo mitaani, likipiga hodi nyumba hadi nyumba, mpaka likafika kwenye nyumba isiyo na mbwa. Baadaye jaa lilihamia Mtoni, na baada ya Mtoni likaenda Pugu Kinyamwezi, pembezoni, ambako magari ya taka yanaelekea hadi leo. Na pembezoni ya Dar es Salaam haikai pembezoni muda mrefu.

Wengi wetu, tukiulizwa dhambi ya kiongozi wa mji ni ipi, tunajibu haraka: rushwa. Ni jibu la kweli, na manabii wako upande wetu. Amosi na Mika hawakuwa na maneno laini kwa waamuzi wanaokula zawadi. Lakini kesi ya Tabata haikuhusu rushwa. Inawezekana kabisa kwamba maofisa waliopanga mahali pa kumwaga taka walikuwa watu waadilifu, wenye familia, wanaosali, wasiochukua hata senti ya mtu. Walifanya tu lililokuwa rahisi. Walitazama ramani, wakaona mahali ambapo kelele zingekuwa chache. Kiongozi anaweza kurudi nyumbani na mikono isiyo na shilingi ya wizi na bado akawa amewapelekea wanyonge mzigo wa wenye nguvu. Kwa hiyo tunapomwombea kiongozi awe mcha Mungu na asiwe mla rushwa, ombi letu limefika nusu ya njia. Mcha Mungu naye anahitaji kujua taka zinaenda wapi.

Tusidhani tabia hii inakaa ofisini peke yake. Wanaoishi kwenye miteremko ya mji huu wanajua neno kutapisha. Mvua kubwa ikianza usiku, wapo wanaoamka na sururu, wanakwenda kuutoboa ukuta wa shimo la choo upande wa bondeni, na maji ya mvua yanaondoka na kila kitu. Asubuhi choo chao kiko chini, na gari la majitaka halikuitwa, wala halikulipwa. Vilivyokuwa ndani viko uani kwa jirani wa chini, ambaye naye ana watoto wanaotambaa. Mwezi Agosti 2015 kipindupindu kilipozuka Dar es Salaam na kisha kusambaa mikoani, wataalamu walizungumza juu ya maji na vyoo. Sisi tunaongeza kwamba kulikuwa pia na suala la jirani. Yule mwenye sururu hamchukii mtu wa bondeni. Pengine hamjui kabisa. Ameona tu kwamba maji yanateremka, na hayarudi kupanda.

Ndiyo maana tunasema serikali ya mji ni jambo la upendo kwa jirani. Bwana alipoulizwa jirani ni nani, alijibu kwa mfano wa watu waliokutana uso kwa uso njiani: mmoja amelala, mwingine anapita. Mjini mambo ni magumu zaidi, kwa sababu mtu ninayemwumiza au kumsaidia huenda nisimwone maisha yangu yote. Mfuko wa taka unaotoka jikoni Sinza au Mbezi unafika Kinyamwezi bila kupita mbele ya macho ya aliyeufunga. Aliyeufunga ni mtu mwema, na anayeishi pale unapotua ni mtu mwema, na kati yao hakuna barabara ya kukutana isipokuwa serikali: diwani, mtendaji, mkandarasi wa taka, ada, bajeti, kanuni. Hivyo ndivyo vinavyobeba upendo wetu au ukatili wetu hadi mahali tusipofika. Kuvidharau kwa sababu ni siasa ni kuiacha amri ya pili ya Bwana iishie kwenye geti la nyumba.

Kuna anayeuliza, na ana haki ya kuuliza: jaa si lazima liwe mahali fulani? Popote litakapokuwa, mtu fulani atakuwa karibu nalo. Kweli. Hatusemi mji usio na jaa unawezekana, wala hatusemi kila mtu abebe sawasawa na mwenzake kwa mizani ya dhahabu. Paulo alipowaandikia Wagalatia juu ya kubebeana mizigo, hakuwa akigawa kilo. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya mtu aliyebebeshwa na mtu aliyekubali kubeba. Anayekubali ameulizwa kwanza. Ameambiwa ukweli juu ya moshi na maji machafu, wala hakufichwa. Amelipwa anachostahili, na waliomtwika wanaendelea kulipa, kwa sababu jaa linahitaji udongo wa kufunikia, uzio, mifereji, na watu wa kulisimamia kila siku. Na muhimu kuliko yote, anaweza kusema hapana na hapana yake ikasikika mahali fulani. Tazama wale waliohamia Yerusalemu baada ya ukuta kukamilika. Kitabu cha Nehemia kinasimulia kwamba mji ulikuwa mtupu, na watu walipiga kura ili mmoja katika kila kumi aje kukaa humo. Waliojitolea kwa hiari, watu wote waliwabariki. Walijua kwamba hawa wamebeba kitu kwa niaba ya wengine, na wakakiri hivyo hadharani. Ni lini mji wetu uliwahi kuwabariki watu wa Kinyamwezi?

Bonde la Msimbazi ni mfano mgumu zaidi, na hapo hatuna jibu jepesi. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu zaidi ya 40 katika mji huu. Serikali ikawapa viwanja Mabwepande wengi wa waliokuwa wakiishi mabondeni. Wapo waliokwenda, na wapo waliorudi, kwa kuwa kibarua kilikuwa Kariakoo na nauli ya kutoka Mabwepande ilikula ujira wa siku. Mwishoni mwa mwaka 2015 na mwanzoni mwa 2016 nyumba zilibomolewa bondeni. Serikali inayomkataza mtu kulala kwenye njia ya maji inamwokoa, na hatuwezi kuilaumu kwa hilo. Ila katika bonde hilohilo, pale Jangwani, ndipo ilipojengwa karakana ya mabasi yaendayo haraka, yaliyoanza kazi mwaka 2016. Mvua zikija, maji yaliingia kwenye karakana kama yalivyokuwa yakiingia kwenye nyumba, na barabara ya Jangwani ikafungwa mara kwa mara. Mtu aliyebomolewa akiona hivyo anajifunza nini? Anajifunza kwamba neno bonde lina maana mbili, moja kwa maskini na nyingine kwa mradi. Hata kama wahandisi walikuwa na sababu zao, na bila shaka walikuwa nazo, kiongozi alipaswa kuona jinsi jambo hilo litakavyosomeka kutoka chini. Sasa kuna mradi mkubwa wa kuliendeleza Bonde la Msimbazi kwa mkopo wa Benki ya Dunia ulioidhinishwa mwaka 2022, pamoja na daraja refu pale Jangwani na fidia kwa wanaoondoka. Tunauombea. Tunaombea hasa wapangaji, ambao fidia ya nyumba huwapita na kumfikia mwenye nyumba.

Nehemia, kabla hajamwambia mtu yeyote neno, alitoka usiku kukagua. Alipita Lango la Bondeni, akaelekea Lango la Jaa, mpaka akafika mahali ambapo mnyama aliyempanda hakuweza kupita kwa wingi wa kifusi. Viongozi wetu nao hufanya ziara, lakini mara nyingi ni mchana, na msafara, na barabara imekwanguliwa jana yake. Kwenye ziara ya namna hiyo mtu haoni kifusi. Anaona greda.

Tuseme pia neno kwa ajili ya viongozi, maana kuwalaumu ni kazi rahisi na inapendwa. Mamlaka yao yamegawanyika kuliko wengi tunavyojua. Diwani tunamchagua sisi. Meya anachaguliwa na madiwani. Mkurugenzi, ambaye ndiye anayeshika kalamu ya matumizi, anateuliwa na Rais. Barabara nyingi za mitaa ziko chini ya wakala, maji chini ya mamlaka nyingine. Tangu Februari 2021, Rais John Magufuli alipoivunja Halmashauri ya Jiji na Ilala ikapandishwa kuwa Jiji la Dar es Salaam, hakuna baraza moja linalokusanya mji wote. Ziko halmashauri tano, nazo ni Ilala yenye hadhi ya jiji, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Lakini mto haujui mipaka ya manispaa. Unachotupa Ubungo unaweza kumfikia mtu wa Ilala kabla ya jioni. Na fedha nazo: kodi ya majengo, iliyokuwa chanzo kikubwa cha mapato ya halmashauri za miji, ilihamishiwa Mamlaka ya Mapato mwaka 2016, na tangu 2021 tunailipa kidogo kidogo tunaponunua umeme wa LUKU. Ni njia rahisi ya kukusanya. Lakini imeondoa kitu kimoja cha thamani. Zamani mtu alilipa kodi ya nyumba kwa halmashauri yake na akaweza kumwuliza diwani: mtaro wangu uko wapi? Sasa anayekatwa ni mwenye mita, mara nyingi mpangaji, na hajui amuulize nani. Mwenyekiti wa mtaa, ambaye mlango wake ndio tunaoubisha saa nane usiku, hana bajeti ya kununua hata chepe.

Kwa sababu ya ugumu huo linakuja jaribu ambalo Waisraeli walilijua. Wana wa Samweli walipokea rushwa na kupotosha hukumu, na wazee wakaenda Rama kumtaka Samweli awape mfalme. Malalamiko yao yalikuwa ya haki. Ni dawa waliyoichagua iliyomhuzunisha. Mji wetu umepita njia hiyo zaidi ya mara moja. Mwaka 1972 serikali za mitaa zilifutwa nchini kwa matumaini kwamba watendaji kutoka juu wangeleta maendeleo haraka zaidi. Huduma za miji ziliporomoka, na mwaka 1978 halmashauri za miji zikaanza kurejeshwa. Mwaka 1996 Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ilivunjwa kwa kushindwa kazi, ikawekwa Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja hadi mwaka 2000. Tume hiyo haikuchaguliwa na mtu, na bado wengi waliokuwa hapa wakati ule wanaikumbuka kwa heshima: taka ziliondoka katikati ya mji, barabara zilizibwa mashimo, mapato yakapanda.

Tukiri kwamba ukweli huo unatusumbua. Ikiwa watu wasiochaguliwa walisafisha mji ambao waliochaguliwa waliuacha uoze, kwa nini tusimtafutie mji Keenja mwingine na kulala? Jibu letu linarudi Vingunguti. Mtawala hodari asiyeulizwa anaweza kusafisha kila mtaa anaouona. Ila mizigo ya mji haiishi kwa kusafisha, inahamia. Na mahali inapohamia panahitaji mtu mwenye mdomo kwenye baraza, hata kama mtu huyo ni diwani anayesinzia vikaoni. Baraza baya linaweza kubadilishwa baada ya miaka mitano. Mtu wa Vingunguti asiye na baraza atasubiri huruma, na huruma ya mji huanzia mjini kati na mara nyingi huisha nauli kabla ya kufika Buguruni.

Wapo washarika wasiopenda kusikia haya kanisani. Wanasema tuhubiri Injili, mambo ya madiwani tuyaache kwenye vyama. Tunaiheshimu hofu hiyo, kwa kuwa tumeona madhabahu ikigeuzwa jukwaa la kampeni, na mgombea akipewa kipaza sauti kwa sababu alileta mifuko ya saruji. Hilo ni baya na lisifanyike. Lakini Injili yenyewe ina habari ya lango. Waraka kwa Waebrania unakumbusha kwamba Yesu aliteswa nje ya lango la mji, na unawaita waamini watoke wamwendee huko, wakibeba aibu yake. Nje ya lango ndiko mji ulikopeleka kila usichotaka kukiona: maiti za waliosulubiwa, wenye ukoma, takataka. Kanisa likitaka kujua Bwana wake anapatikana upande gani wa mji, lina ramani.

Na upande huo una watu wenye kazi. Wapo akina mama wanaookota chupa za plastiki juu ya jaa, wamejifunga kanga mdomoni. Wapo vijana wa maguta wanaopita alfajiri wakikusanya viroba. Wapo wanaoingia kwenye mashimo ya vyoo kwa ndoo pale gari la majitaka lisipoweza kupita uchochoroni. Wengine wao ni wa sharika zetu, ingawa si rahisi kuwajua, kwa kuwa Jumapili wameoga na kuvaa vizuri kama kila mtu. Wana wa Rekabu wa leo ndio hao, ila Malkiya alikuwa na cheo na jina lake likaandikwa. Hatudai diwani ashike guta. Tunadai mwenye cheo alichukue jaa kuwa kazi yake ya kwanza, badala ya kulikabidhi kwa mkandarasi na kulisahau. Hapo tunakumbuka wakuu wa Tekoa, ambao sura ileile inaandika kwamba walikataa kuinamisha shingo kufanya kazi. Watu wao wa kawaida, baada ya kumaliza kipande chao, walijenga na kipande cha pili.

Katika mitaa yetu mwenyekiti na wajumbe wa serikali ya mtaa walichaguliwa Novemba 2024, na kipindi chao ni miaka mitano. Sheria inawataka waitishe mikutano ya wakazi wote, na kila mkazi mtu mzima ana haki ya kusimama na kuuliza: ada ya taka iliyokusanywa ni kiasi gani, mkandarasi amelipwa ngapi, gari linamwaga wapi, nani huwa anatapisha na amechukuliwa hatua gani. Waliohudhuria mikutano hiyo wanajua kwamba wanaofika ni wachache, na walewale. Sababu moja ni ndogo sana, na iko ndani ya uwezo wetu. Katika mitaa mingi mkutano unatangazwa kwa kipaza sauti kuwa Jumapili asubuhi, kwa sababu ndiyo siku watu hawaendi kazini, na saa hiyo sisi tuko ibadani. Baraza la wazee linaweza kumwandikia mwenyekiti barua ya heshima, kumwomba mkutano uwe saa tisa alasiri, na tangazo lake likasomwa kanisani pamoja na ya kwaya na ya ndoa. Ukumbi wa usharika unaweza kutolewa bure, na Waislamu wa mtaa wakajua kwamba siku hiyo ni ukumbi wa mtaa. Viti vipo.